Pepo za Unguja na Tufani ya Mwaka 1872

Katika lugha yetu pande mbili za dunia zimepata majina yake kwa upepo. Twasema kusini kwa kuwa ndiko utokako upepo wa kusi, na kaskazini kwa kuwa ndiko utokako upepo wa kaskazi. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu, nayo yafuata jua. Haya mawili yafuata tanga.

Kaskazi hushika mwezi wa Desemba, hudumu hata Machi. Ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi katika bandari ya Unguja. Kusi hushika Mei hata Septemba, ndiyo iliyowarudisha kwao. Baina ya hizo ni maleleji, wakati wa pepo zisizo na msimamo. Asili yake ni jua: wakati wa kusi nchi ya Asia hupata moto kuliko bahari, upepo ukavutwa kwenda huko, wakati wa kaskazi hupoa, upepo ukarudi.

Mtu akitaka kujua thamani ya elimu hii, na atazame safari ya Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, pamoja na rubani aliyempata huko, akafika Bara Hindi kabla ya mwezi kutimia. Kurudi aling'oa nanga mwanzo wa Oktoba, kaskazi haijashika. Akakaa baharini kadiri ya miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kabla ya kuiona Malindi Januari 1499. Bahari ni ile ile. Upepo ndio uliokuwa mwingine.

Walakini miezi ya Kiislamu haikuweza kumwongoza nahodha, maana mwaka wake una siku 354 au 355, nayo huhama katika majira. Kwa hiyo watu wa pwani walishika hesabu nyingine ya siku 365, tangu Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, wakihesabu siku kumi kumi, ndiyo miongo. Kwa miongo mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha wakati wa kusafiri. Hata leo watu wa Makunduchi huadhimisha siku hiyo mwezi wa Julai.

Lakini hesabu hiyo haikutaja tufani. Tufani kubwa huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia, nayo ni dhaifu karibu na ikweta. Unguja iko digrii 6 tu kusini yake, hivyo ni nadra kufikiwa. Tarehe 15 Aprili 1872, katika maleleji, ilifikiwa. Merikebu za Seyyid Barghash zilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'oka. Pemba karibu yote ilisalimika, na baadaye ikaipita Unguja kwa karafuu.

Mambo ya utawala pia yaliguswa. Sir Bartle Frere alipokuja Januari 1873 kutaka biashara ya watumwa ikomeshwe, Seyyid alitaja hasara ya tufani katika sababu za kukataa. Udhuru huo haukumfaa, wala haukuwa haki kwamba shamba lililovunjika litengenezwe kwa shingo za watu. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi, na soko la watumwa likafungwa.

Je, wazee walikosea? La. Miongo yaeleza majira, haielezi siku. Tufani iliipiga Lindi Aprili 1952. Na Mei 2024 tufani iitwayo Hidaya ilipofika Mafia, watu walikuwa wameonywa mapema, kwa kuwa siku hizi hutazamwa kutoka juu angani. Basi mwalimu awafundishe watoto majina ya pepo na miongo yake, tena awafundishe kusikiliza onyo la siku. Maana aliyejua majira peke yake, mwaka 1872 alipoteza chombo chake ndani ya bandari.