Mlango wa Chumba cha Wagonjwa Mahututi: Historia Fupi ya Kuwazuia Ndugu

Desturi ya kuwazuia ndugu wasiingie katika chumba cha wagonjwa mahututi huelezwa mara nyingi kana kwamba ilitokana na uchunguzi wa kitabibu. Insha hii inadai kwamba ilitokana zaidi na mazoea ya kurithi.

Mwezi Agosti 1952, mlipuko wa polio uliijaza Hospitali ya Blegdam, Copenhagen, wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alishauri koo litobolewe, upitishwe mpira, na hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko unaobinywa kwa mkono. Mashine hazikutosha, wanafunzi wa utabibu wapatao 1,500 walipokezana zamu kando ya vitanda, usiku na mchana, wakibinya mifuko hiyo. Vifo vilipungua sana. Ikumbukwe, basi, kwamba huduma hii ilizaliwa na binadamu aliyeketi karibu na mgonjwa. Lakini ilizaliwa pia ndani ya hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, ambako mlango uliofungwa ulikuwa jambo la kawaida.

Vitengo hivyo vilipoenea katika miaka ya 1960, mlango ulibaki umefungwa hata kwa wagonjwa wa moyo na wa ajali, wasioambukiza mtu. Hoja zikawa kwamba ndugu humchosha mgonjwa, huleta vijidudu na huwavuruga wauguzi. Mwaka 1979, Nancy Molter, muuguzi wa Marekani, alichapisha utafiti uliowauliza ndugu wenyewe wanahitaji nini. Hitaji lililoongoza lilikuwa kuona kwamba matumaini yapo.

Hoja ya vijidudu ilipimwa Florence, Italia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Milango ilipofunguliwa, vijidudu viliongezeka chumbani, ila maambukizi kwa wagonjwa hayakuongezeka, na matatizo ya moyo yalipungua. Tusitie chumvi, hata hivyo: utafiti wa Brazili wa mwaka 2019, uliohusisha vitengo 36, haukuthibitisha kwamba saa nyingi za kutembelewa hupunguza mkanganyiko wa akili wa mgonjwa. Walionufaika waziwazi ni ndugu, ambao wasiwasi na sonona vyao vilipungua.

Kwetu Tanzania suala hili lina uzito wake. Katika wodi za kawaida, ndugu ndiye humlisha mgonjwa na kumfulia. Mgonjwa akihamishiwa chumba cha mahututi, ndugu huyo huyo, chupa ya uji mkononi, hugeuka mgeni wa kusubiri kwenye benchi.

Mwaka 2020 Uviko-19 ikairudisha hoja ya maambukizi, safari hii ikiwa na msingi. Katika nchi nyingi, watu waliagana na wapendwa wao kwa simu iliyoshikwa na muuguzi.