Jiwe Lililoanguka Tu

Nilipoacha chuo nilirudi Homa Bay na laptopu moja. Nikigusa mstari mmoja wa kodi, nakompaili mradi mzima. Stima ikipotea, naanza tena.

Kumbe dawa ilikuwepo tangu 1976. Huko Bell Labs, Marekani, mwenzake Stuart Feldman alipoteza asubuhi nzima akisaka kosa alilokuwa amesharekebisha: faili hilo halikuwa limekompailiwa upya. Feldman akaandika Make. Hiyo huangalia saa za mafaili, ikajenga yaliyobadilika na yanayoyategemea tu.

Nilikuja kuielewa Thimlich Ohinga, Migori. Kuta zile za mawe, zisizo na saruji, zinakadiriwa kujengwa karne ya 16. Waliohamia baadaye walizikarabati, hawakuzibomoa.

Mama huuliza nitaanza upya lini. Siku hizi namjibu: sianzi upya, Mama, narudishia lililoanguka.