Pini ya Kofia na Usalama wa Njia



Mwaka 1903, mjini New York, msichana mmoja mgeni kutoka jimbo la Kansas alipanda gari la abiria lililovutwa na farasi. Mzee aliyevaa vizuri aliketi karibu naye, akazidi kumsogelea, hata akamzungushia mkono mgongoni. Msichana hakubishana naye. Alichomoa pini ya kofia yake, akamchoma mkononi. Mzee alipiga yowe, akashuka upesi.

Nyakati zile kofia za wanawake zilikuwa pana, zikashikizwa kwenye nywele kwa pini za chuma, nyingine zenye urefu wa zaidi ya sentimita 20. Wanawake wengi walikuwa wameanza kwenda peke yao kazini, katika maofisi, maduka na viwanda. Na wanaume wasio na adabu waliwavizia njiani na katika tramu. Hivyo pambo likawa ngao. Magazeti yaliwasifu waliojitetea.

Sifa hizo hazikudumu. Katika tramu zilizojaa, pini ziliwajeruhi hata watu wasio na hatia, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini wengine walichukizwa zaidi na uhuru wa wanawake, waliokuwa wakidai pia haki ya kupiga kura. Machi 1910, baraza la mji wa Chicago lilipitisha sheria ya kuzuia pini ndefu, na faini ya hadi dola 50. Mwanamke mmoja aliwajibu wajumbe kwamba wanaotaka kuwanyang'anya wanawake pini wazifanye kwanza njia ziwe salama. Miji mingine ilitunga sheria kama hiyo. Huko Sydney, Australia, wako wanawake waliokubali kifungo kuliko kulipa faini.

Baada ya vita vya 1914-1918 kofia ndogo zilipendwa, pini ndefu zikatoweka. Usumbufu haukutoweka pamoja nazo.

Fundisho ni hili: sheria ilipima urefu wa pini, bali haikuugusa mkono uliomlazimisha msichana kuichomoa. Hata leo dada akisumbuliwa, tunauliza kwanza alivaa nini na alipita saa ngapi. Vijana wanaume, tuligeuze swali hilo litukabili sisi: abiria wengine waliokuwamo garini walifanya nini? Na mimi ningalikuwamo, ningalifanya nini?