Buzwagi, Bangkok na sahani iliyoniangusha

Wadau, leo tuongee historia kwa kupitia tumboni.

Pad thai, chakula kinachoitambulisha Thailand duniani, hakikuanzia kwa bibi fulani kijijini. Ni tambi za mchele zinazokaangwa na mayai, ukwaju, karanga na pilipili. Ukaangaji wenyewe waliupata kwa Wachina. Aliyezipa uraia ni serikali ya Phibunsongkhram, waziri mkuu wa 1938 hadi 1944, yule yule aliyebadili jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand mwaka 1939. Alihimiza wananchi wale tambi kama alivyowahimiza kupenda bendera. Mwaka 2002 serikali yao ikaanzisha mpango wa kusambaza migahawa ya Kithai duniani, ikiwa na mafunzo ya wapishi na mikopo. Yaani sahani ikawa sera ya nchi.

Mwezi uliopita, mshahara ulipotoka, nikaingia kwenye mgahawa mmoja wa Kithai hapa Dar. Jamani! Tambi zimegandamana kama ugali wa jana, ukwaju hausikiki, sukari tupu. Karanga nilizihesabu. Kwa bili ile ningekula wiki nzima kwa mama ntilie.

Ila kilichoniuma zaidi si ladha. Mimi ni mtoto wa Kahama. Ukwaju, ambao Wasukuma tunauita bushishi, asili yake ni Afrika. Karanga Shinyanga zinalimwa. Mpunga ndiyo usiseme: majaluba yametapakaa, na mchele wa Kahama unatafutwa hadi Kariakoo. Karibu kila kitu kwenye sahani ile kwetu kipo. Kilichokosekana ni serikali ya kukiona.

Sisi tulikuwa tunaona nini? Dhahabu. Mkataba wa Buzwagi, mgodi ulio jirani kabisa na mji wa Kahama, ulisainiwa London Februari 2007. Zitto Kabwe alipouhoji bungeni, Agosti mwaka huo akasimamishwa ubunge kwa muda. Novemba Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia sekta ya madini. Mrabaha wa dhahabu ukatoka asilimia 3 hadi 4 mwaka 2010, kisha 6 mwaka 2017. Ugomvi ule ulikuwa wa haki kabisa. Lakini mgodi ulianza uzalishaji 2009 na kufikia 2021 ukawa umefunga. Miaka kumi na mbili tu, likabaki shimo.

Majaluba yalikuwepo kabla ya mgodi, na bado yapo. Kila msimu wa mvua mpunga unaota tena, unavunwa, unapakiwa kwenye magunia na kusafirishwa, kama dhahabu ilivyosafirishwa: mali ghafi, jina na faida vikatafutwe mbele ya safari.

Sasa eneo la Buzwagi limetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Watakuja wawekezaji wa kila aina. Ombi langu ni moja: mchele, karanga na bushishi navyo vipewe banda pale, visindikwe na kufungashwa kwa jina la Kahama.

Mimi nimepata nafasi ya kulalamikia mgahawa wa Kithai nikiwa Dar. Nataka siku moja kijana wa Bangkok naye aingie mgahawa wa Kisukuma kwao, alipe bili kubwa, na atoke ananung'unika.

Nawasilisha.