Nguruwe Hai Mpakani: Safari ya Namba 0103 hadi Sirari

Mfugaji wa Kibara anayetaka dume la mbegu kutoka Kenya njia yake inajulikana: Kibara hadi Bunda mjini, kushika barabara ya Musoma, kupita Tarime, hadi Sirari. Ng'ambo ya pili ni Isebania. Akifika mezani kwa ofisa wa forodha, mnyama wake anaandikwa kwa tarakimu nne, 0103, yaani nguruwe hai. Namba hiyo hiyo inatumika Mombasa, Rotterdam na Shanghai, na imechukua miongo mingi kufika ilipo.

Desemba 1913 nchi kadhaa zilikutana Brussels, Ubelgiji, zikakubaliana orodha moja ya kuhesabia biashara kati yao. Ilikuwa na vipengele 186 katika makundi matano, na kundi la kwanza kabisa lilikuwa la wanyama hai. Kabla ya hapo kila taifa lilikuwa na orodha yake na majina yake. Shirikisho la Mataifa likatunga orodha ndefu zaidi huko Geneva mwaka 1931, likairekebisha mwaka 1937. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ilirudi Brussels. Mkataba wa mwaka 1950 ulizaa orodha iliyoanza kutumika mwaka 1959, nayo ikampa nguruwe nafasi aliyonayo hadi leo: farasi kwanza, ng'ombe wa pili, nguruwe wa tatu, mbuzi na kondoo wanafuata. Orodha ya sasa, inayofahamika kwa mawakala wa forodha kama HS, ilitiwa saini Juni 1983 na kuanza kazi Januari 1, 1988. Inasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia yake. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia hatua kwa hatua katika miaka ya 1920, na mwaka 1949 idara za forodha zikawa moja. Juni 1967 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kenyatta na Obote. Miaka kumi baadaye Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Kwa watu wa Mara, wenye ndugu pande zote mbili za mpaka, huo ulikuwa ukuta uliojengwa katikati ya uwanja wa nyumba. Umoja wa forodha ulirudi Januari 1, 2005, safari hii ukiwa na ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya: asilimia 0, 10 au 25. Mwaka 2022 likaongezwa daraja la asilimia 35, ambalo miongoni mwa mengine linazigusa bidhaa za nyama na maziwa.

Ndani ya 0103 kuna mistari mitatu tu. 0103.10 ni nguruwe wa mbegu safi kwa ajili ya kuzalisha. 0103.91 ni wengine walio chini ya kilo 50. 0103.92 ni wengine wenye kilo 50 au zaidi.

Kilo 50 zinapimwaje kijijini, pasipo na mizani ya mifugo? Wafugaji na maofisa ugani hutumia futi kamba. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima urefu toka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa wenyewe, zidisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe wa kifua sentimita 85 na urefu sentimita 95 anatoa kilo 47 na ushee: 0103.91. Mlishe vizuri pumba, mabaki ya muhogo na vumbi la dagaa hadi afike sentimita 90 kwa 100, anatoa kilo 56. Amehamia 0103.92. Ushuru wa mistari hiyo miwili ni ule ule, asilimia 25, kwa hiyo mstari wa kilo 50 hauchukui hata shilingi ya mtu. Kazi yake ni takwimu: kutenganisha nguruwe wa kwenda kunenepeshwa na wa kwenda machinjioni. Nguruwe wengi wa kienyeji huku huchinjwa kabla ya kuufikia mstari huo.

Mstari wenye uzito halisi ni wa kwanza. Mbegu safi kutoka nje ya Jumuiya inaingia kwa asilimia sifuri, na hiyo ni sera nzuri, maana inamtaka mfugaji aboreshe zizi lake. Lakini maelezo ya HS yanasema anayehesabiwa ni yule tu anayetambuliwa kuwa mbegu safi na mamlaka ya nchi husika. Dume aina ya Large White anaweza kuwa mweupe mwili mzima, masikio yamesimama, mgongo mrefu. Bila hati ya ukoo, kwa forodha ni nguruwe wa kawaida na analipiwa asilimia 25. Naona hapa ndipo mfugaji mdogo anapoachwa nyuma. Mwenye kampuni anazijua karatasi hizo. Mwenye majike wawili pembeni mwa Ghuba ya Speke hajawahi kuelezwa kuwa mlango huo upo.

Kwa dume wa kutoka Kenya hesabu ni nyingine. Mnyama aliyezaliwa na kukuzwa ndani ya Jumuiya halipiwi ushuru wa forodha akiwa na cheti cha uasili, na kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 upo utaratibu uliorahisishwa. Hata hivyo, cheti hicho hakimvushi peke yake. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inadai kibali cha mifugo, na kibali hicho hutafutwa kabla ya safari kuanza.

Sababu iko karibu sana na Kibara. Mwaka 1921 daktari wa mifugo Eustace Montgomery alichapisha taarifa ya homa ya nguruwe aliyoiona Kenya: katika milipuko 15, nguruwe 1,352 kati ya 1,366 walikufa. Aliwashuku ngiri. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walieleza jinsi walivyokuta virusi vya homa hiyo ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama hapa Tanzania. Ngiri hubeba virusi bila kuugua, papasi humng'ata, na nguruwe wa kufugwa hulipa kwa uhai wake. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, upande wetu wa Bunda. Ugonjwa hauna tiba. Ulifika Ureno mwaka 1957, Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, lakini kitabu cha kwanza cha historia yake kimeandikwa huku. Kwenye namba ya forodha ngiri na nguruwe wa zizini hawatenganishwi, kwa kuwa 0103 inachukua wa kufugwa na wa porini pia. Anayewatenganisha ni daktari wa mifugo.

Namba inafuatilia hata kifo. Nguruwe akifia njiani, 0103 inafutika: nyama ikithibitishwa kuwa inafaa kuliwa anahamia sura ya nyama, 0203, na isipofaa anaandikwa 0511, pamoja na mazao ya wanyama yasiyoliwa. Kwa aliyefungwa nyuma ya pikipiki juani toka Isebania, uamuzi huo unaanza na swali la daktari: amekufa kwa joto, au kwa homa?