Makongeni, mkonge na brashi ya koti

Wasee wa Makongeni, hebu tamkeni jina la mtaa wetu polepole. Ma-konge-ni. Penye makonge. Jina la shamba hilo, na ukilifuata utafika hadi kwa brashi.

Mkonge si mmea wa huku, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi walikuwa washaupanda Punda Milia, hapo upande wa Makuyu, na reli ilipoingia Thika 1913, marobota yakapata njia rahisi ya kwenda Mombasa. Hata Kakuzi, hawa mnaowajua kwa avokado, walianza 1927 kwa jina la Kakuzi Fibrelands, yaani mashamba ya nyuzi.

Nyuzi nyingi ziliishia kuwa kamba, lakini mkonge hutengeneza brashi pia, zile ngumu za kusugua. Bei ilipaa wakati wa vita vya Korea, kisha plastiki ikaja ikaimaliza. Upande wa brashi, nailoni ilishaanza kitambo: mswaki wa kwanza wa nailoni uliuzwa Marekani 1938. Leo ukizunguka soko letu kutafuta brashi, utapewa plastiki. Mtaa wa makonge!

Sasa, shida yangu iko hapa. Kwetu ukisema brashi ya nguo, mtu anafikiria ya kufulia. Ile ya kupiga koti likiwa kavu wengi hatuijui, na mitumba imetujazia makoti ya sufu tangu soko lifunguliwe miaka ya 1990. Unanunua koti safi kabisa la interview, unalitia kwa maji moto na Omo, unalisugua. Uzi wa sufu una magamba madogo. Joto, sabuni na kusuguliwa huyafanya yashikane. Koti linatoka saizi ya mtoto wa darasa la tano. Hapo hata fundi hawezi kukusaidia.

Kwa hivyo mkonge, pamoja na heshima zote, usiguse koti. Uuache kwa sakafu. Tafuta brashi ya nywele za farasi au za nguruwe, iliyosongamana, ya mpini wa mbao. Ijaribu ndani ya kifundo cha mkono: ikikukwaruza, itakwaruza sufu pia. Kama una hizo mbili, ya nguruwe ni ya koti zito, ya farasi ni ya suti laini.

Tope la Thika, hili jekundu, liache likauke kwanza. Ukilipiga likiwa bichi unalizamisha. Tundika koti kwa henga, toa vitu mifukoni, anza mabegani ukishuka chini, mapigo mafupi, ukifuata manyoya yalivyolala. Chini ya kola usipasahau, na mishono ya ndani pia, maana nondo hupenda kutaga mayai hapo, na brashi huyaondoa kabla hayajawa matundu. Dakika tatu hivi zinatosha, kila ukilivua.

Na brashi ya viatu ni ya viatu. Hata ukiiosha mara kumi, kiwi haitoki yote.