Wazazi Wenza, si "Familia Dhaifu"

Nimeletewa kitini kilichotafsiriwa kuhusu Building Strong Families, ule mpango wa Marekani wa kuwafunza stadi za kuelewana wazazi wa kipato cha chini waliozaa bila kuoana. Ukurasa wa kwanza tu, walengwa wameitwa "familia dhaifu". Nilikifunga hapohapo.

Dhaifu ni neno la Kiarabu, na tangu litufikie halijawa jepesi. Wanachuoni huliweka kwenye hadithi ambayo mapokezi yake yana kasoro. Bungeni Dodoma, mwaka 2012, mbunge alitolewa nje kwa kukataa kufuta kauli yake kuhusu udhaifu wa Rais. Neno zito namna hiyo leo anabandikwa mama mwenye kichanga mgongoni!

Ilhali watu hawa wana jina. Nenda kliniki siku ya kupima watoto uzito, ukae kwenye benchi usikilize. Muuguzi anauliza, "Huyu ndiye mumeo?" Mama anajibu, "Hapana dada, ni mzazi mwenzangu," huku akimpokeza baba kadi ya mtoto. Jibu halina aibu wala lawama.

Hapo ndipo nilipolichota wazazi wenza. Mwenza na mwenzi ni ndugu. Mzizi ni uleule unaosikika katika mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Waliotutangulia walisema mke mwenza, wakapata ukewenza. Sisi tukaongeza mwenyekiti mwenza. Kwa njia hiyohiyo nimeunda uzaziwenza: fungamano la wawili kupitia mtoto, ndoa iwepo isiwepo. Niliupeleka msamiati huu kwenye kamati moja, ukakatwa kwa kalamu nyekundu, ati mwenza linanuka mitala. Hoja hiyo ingekuwa na uzito, mwenyekiti mwenza asingekuwepo.

Na tuutazame mpango wenyewe. Ulijaribiwa katika maeneo 8, kwa jozi zaidi ya 5,000. Baada ya miaka 3, waliofunzwa hawakuwa wameoana kuwazidi wasiofunzwa, na takriban jozi 2 katika kila 5 zilikuwa zimeachana. Kwa hao familia imekwisha, dhaifu au imara. Uzaziwenza haujaisha: mtoto bado anataka ada, dawa na baba wa kumtembelea.

Matumizi: mzazi mwenza, wazazi wenza, mafunzo ya uzaziwenza.

Nawe mfasiri utakayepewa toleo la pili la kitini kile, nakuomba ulifute dhaifu kabla halijafika kwa wanaoitwa hivyo.